Nyumba Kuukuu, Stima Ni Ile Ile

Ndugu msomaji, umewahi kufungua mfereji wa shawa ukahisi vidole vikikuwasha kana kwamba siafu wamekutambaa? Kama hujawahi, mshukuru Mungu na uendelee kusoma. Kama umewahi, basi mimi na wewe ni ndugu, na huenda hata wewe uliambiwa maneno niliyoambiwa mimi: "Hiyo si kitu. Vaa slipa."

Kwetu slipa hizo zina mahali pake, kando ya mlango wa bafu. Juu yake, kwenye msumari, huning'inia kitambaa kikavu cha kufungulia maji. Tangu tuhamie katika nyumba hiyo nikiwa darasa la tano, sheria ya bafu imekuwa moja tu: slipa miguuni, kitambaa mkononi. Mgeni akija, mama humweleza sheria hii kama anavyomwonyesha mahali pa kuketi. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona ajabu, mpaka siku moja mwezi wa Mei, mdogo wangu wa kike aliye gredi ya pili alipoingia kuoga, akasahau kitambaa.

Sitaki kuyarefusha maneno. Tulisikia mlio mmoja, kisha kimya. Mama alipofungua mlango alimkuta mtoto ameushika mfereji, mkono umekaza na hauachii. Bahati yetu ni kwamba swichi ya shawa iko nje, kando ya mlango. Niliizima kabla mama hajamgusa, maana angemgusa tungekuwa na wawili. Mtoto akaanguka, akalia, na kile kilio nilikipenda kuliko wimbo wowote niliowahi kusikia. Kiganjani alibaki na alama nyeupe, kubwa kama punje ya hindi.

Jioni hiyo baba alimpigia simu mwenye nyumba. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia jibu lote. "Bwana, nyumba hiyo imesimama tangu miaka ya sabini. Wapangaji wangapi wamepita hapo na hakuna hata mmoja aliyekufa? Hayo mambo yenu ya vifaa vya kisasa ni ya nyumba mpya. Na ajali haina kinga."

Hapo ndipo nilipoamua kuandika makala haya. Kwa heshima zote kwa wahenga wetu, methali hiyo inaonewa. Waliponena kwamba ajali haina kinga hawakuwa na stima, wala hawakuoga chini ya kidude chenye nguvu za wati elfu tano. Ajali ya stima ina kinga. Inatoshea kiganjani, na bei yake haitofautiani sana na ya kichwa cha shawa chenyewe.

Nimebishana juu ya jambo hili na wanafunzi wenzangu darasani, na nilishangaa kuona kwamba wengi wao walikuwa upande wa mwenye nyumba. Mmoja, ambaye ni mzungumzaji hodari katika midahalo yetu, alisema nyumba za zamani zilijengwa na watu waliojua kazi, si hizi za siku hizi zinazoporomoka kabla ya rangi kukauka. Nakubali kwamba kuta zake ni imara. Lakini hebu tujiulize, nyaya zake ziliwekwa kwa kazi gani? Mitaa mingi ya Mashariki mwa Nairobi, kama vile Umoja na Buruburu, ilianza kujengwa miaka ya 1970. Fundi wa wakati huo alipopiga hesabu ya nyumba ya kawaida alifikiria taa, redio, pasi, na labda jiko la stima kwa mwenye uwezo. Shawa hizi zinazochemsha maji papo hapo, ambazo watu huziita instanti, zililetwa baadaye. Kwa hiyo katika nyumba nyingi waya wa shawa si kazi ya yule fundi hodari wa zamani hata kidogo. Ni kiraka. Kwetu sisi waya huo ulivutwa kutoka kwenye swichi ya jiko, ukapitishwa juu ya dari, ukashuka bafuni. Nani aliufanya, na lini, keretaka mwenyewe hajui.

Hoja ya pili ya wenzangu ndiyo iliyonitia hofu zaidi kwa sababu hata mimi niliiamini. Walisema: "Si kuna fyuzi? Hatari ikitokea fyuzi itakatika." Mabibi na mabwana, fyuzi haikuwekwa kwa ajili yako. Fyuzi inalinda waya usishike moto. Hapa naomba nitumie hesabu kidogo kutoka mada ya joto litokanalo na mkondo wa umeme, ambayo tunaisoma kidato hiki cha tatu. (Somo la Fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anisamehe nikitafsiri kombokombo.)

Shawa ya wati 5,400 kwenye stima yetu ya volti 240 inavuta ampea 22.5. Fyuzi yake ni ya ampea 30. Sasa tuseme mtu aliyelowa maji, aliyesimama peku juu ya sakafu yenye maji, ameshika chuma chenye volti 240. Mwili uliolowa hivyo unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000 utapata ampea 0.24. Jumlisha na zile za shawa: 22.74. Fyuzi inangoja ampea zaidi ya 30. Kwa fyuzi wewe ni kama mgeni mmoja zaidi arusini. Wali upo wa kutosha na wala haina habari kwamba umeingia. Na hiyo ampea 0.24, yaani miliampea 240, inatosha kuua mara kadhaa. Miliampea moja tu unaihisi ikikuwasha. Zikifika kumi hadi ishirini misuli inakaza na huwezi kuachilia ulichoshika, kama alivyokaza mdogo wangu. Zikipita thelathini na kuelekea hamsini kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Na slipa je? Slipa zinasaidia miguu, nakubali, maadamu hazijalowa wala kutoboka. Lakini mkono mmoja ukiwa kwenye mfereji na mwingine umeegemea ukuta wenye maji, stima haina haja ya kushuka miguuni. Inakatiza kifuani, mahali ambapo moyo uko. Isitoshe, kinga gani hii inayomtegemea mtoto wa miaka saba kukumbuka kitambaa?

Sasa nije kwa hicho kidude. Mafundi wanakiita RCD. Kazi yake ni nyepesi kuelewa. Stima yote inayoingia kwenye shawa kwa waya mwekundu inapaswa kurudi yote kwa waya mweusi. RCD inakaa kati yao ikilinganisha. Ni kama mwalimu wa zamu siku ya safari ya Mombasa: wameshuka wanafunzi arobaini, wamerudi thelathini na tisa, basi haliondoki. Stima ikitoka na isirudi yote, maana yake kuna nyingine imepitia pengine, na huenda "pengine" hapo ni mwili wa mtu. RCD ya kulinda watu imewekewa kiwango cha miliampea 30. Tofauti ikifika hapo inakata katika muda usiozidi sekunde 0.3, na ikifika mara tano yake, yaani miliampea 150, inakata ndani ya sekunde 0.04. Utashtuka, ndiyo. Utapiga kelele. Lakini utatoka bafuni ukitembea.

Wala si kitu cha jana. Katika miaka ya 1950 mhandisi mmoja wa Afrika Kusini, Henri Rubin, alikuwa akishughulikia vifaa vya aina hii kwa ajili ya machimbo ya dhahabu, mahali penye maji, giza na nyaya nyingi. Mwaka wa 1961 Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, naye akatengeneza chake. Kwa hiyo nyumba tunayokaa ilipojengwa, kinga hii ilikuwa tayari duniani. Mwenye nyumba anaiita mambo ya kisasa, kumbe ina umri kuliko nyumba yake!

Baada ya ajali baba hakungoja ruhusa ya mtu. Alimtafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka inayosimamia kawi na mafuta nchini, ambayo ndiyo huwapa mafundi wa stima leseni. Wengi wetu hatujui hata kwamba fundi anapaswa kuwa nayo. Tunaita yeyote mwenye koleo na testa. Fundi huyu alikuja Jumamosi, nami nikawa mshika tochi wake. Aliugusa mfereji kwa testa, taa ikawaka. Kisha akapanda darini. Aliposhuka aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kijana, waya wenu wa kuokoa ndio ulitaka kuua."

Nitaeleza alichomaanisha, kwa sababu naamini si kwetu tu. Shawa huwa na waya wa tatu, wa kijani, ambao mafundi huuita athi. Unapaswa kwenda mpaka ardhini, kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa nje ya nyumba, ili stima inayovuja ikimbilie huko badala ya kukimbilia kwako. Yule mtu aliyefunga shawa yetu hakujisumbua. Aliufunga waya wa kijani kwenye bomba la maji, na kwa wakati huo ilifaa kidogo, kwa kuwa bomba lilikuwa la chuma na lilizama ardhini. Miaka ikapita, bomba likaoza kwa kutu. Akaitwa fundi wa mabomba, akang'oa chuma, akaweka plastiki. Aliacha kipande kifupi tu cha chuma ukutani, kile kinachoshika mfereji. Plastiki haipitishi stima. Basi waya wa kijani ukabaki umefungwa kwenye chuma kisichokwenda popote. Stima yoyote iliyovuja ndani ya shawa ikawa inaletwa na waya ule ule wa kinga moja kwa moja hadi kwenye mfereji, pale tunaposhika.

Fundi wa mabomba hakukosea kazi yake. Wa stima naye huenda alisema moyoni kwamba amemaliza. Lakini nyumba ya zamani inapitiwa na mikono mingi, na kila mkono unafanya jambo lake bila kujua mwenzake alifanya nini. Hii ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba vifaa hivi ni vya nyumba mpya. Katika nyumba mpya unaweza walau kumuuliza aliyeijenga. Nyumba kuukuu haina wa kuulizwa, kwa hiyo ndiyo inayohitaji kifaa ambacho hakijali nani alikosea, kinakata tu.

Kuna mwenzangu mmoja msomaji sana aliyeniletea hoja ya Uingereza. Aliniambia kwamba hata huko, ambako mafundi wetu wamefuata kanuni zao kwa muda mrefu, RCD haikuwa lazima kwa kila waya wa bafuni mpaka kanuni mpya za mwaka wa 2008, na hata hapo nyumba za zamani hazikulazimishwa kubadilishwa. Ni kweli. Lakini hakumaliza hadithi. Nyumba hizo za Uingereza zilikuwa zimewekewa kinga nyingine: athi ya kuaminika, na vyuma vyote vya bafuni kuunganishwa kwa waya ili visitofautiane volti. Mtu mwenye mwavuli anaweza kuambiwa asinunue koti la mvua. Sisi hatuna mwavuli wala koti. Aidha, shawa nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimetoka Brazil, na huko kwenyewe walikozizoea, sheria ilipitishwa mwaka wa 2006 kwamba majengo mapya yawe na waya wa ardhi. Wao wanaozitengeneza wameona haja ya kuandika sheria, sisi tunaozinunua tunaona slipa zinatosha!

Hata hivyo nisiwe kama wakili anayeficha ushahidi. Kuna lawama moja juu ya RCD ambayo ni ya haki. Jirani yetu wa ghorofa ya chini aliiweka, baada ya wiki mbili akaitoa, akidai kwamba inamsumbua: ukijipaka sabuni tu, stima inakatika. Nilimuuliza fundi. Akanieleza kwamba shawa nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi ndani ya maji yenyewe. Maji yanagusa waya wenye stima, kwa hiyo kuvuja kidogo ni lazima, na kunazidi pale maji yanapokuwa ya kisima yenye chumvi. RCD ikiona stima inavuja inakata, maana ndiyo kazi iliyoajiriwa. Dawa ni kununua shawa ambayo koili yake imefunikwa, isiyogusana na maji. Hiyo ni ghali zaidi, sikatai. Lakini jirani alipokasirika alimfukuza mlinzi aliyekuwa akipiga kelele kwamba mwizi yuko ndani, akabaki na mwizi. Nilimweleza hivyo kwa adabu, akacheka, akasema watoto wa siku hizi wana maneno. RCD yake bado iko kwenye kabati ya vyombo.

Yafaa pia niseme kwamba kifaa hiki hakifanyi miujiza. Ukishika waya mwekundu kwa mkono huu na mweusi kwa mkono ule, hakitajua kama wewe ni mtu au ni balbu. Fyuzi au breka bado inahitajika kulinda waya, na waya wenyewe uwe mnene wa kutosha. Ule mwembamba wa taa, wa milimita 1.5, si wa shawa kabisa. Na kile kibonye kilichoandikwa T usoni pake kibonyezwe kila baada ya miezi michache, kionekane kama bado kinakata. Fundi aliniambia kuna nyumba alizoingia akakuta kimeganda kwa rangi ya ukuta.

Swali lililobaki ni la pesa, na hapa ndipo ninapotofautiana na baba yangu mwenyewe. Baba alikuwa tayari kulipia kila kitu ili tulale kwa amani. Mimi nasema mwenye nyumba ndiye anayepaswa kulipa. Kampuni ya umeme mzigo wake unaishia kwenye mita. Mpangaji akihama hawezi kung'oa fimbo ya ardhi aende nayo. Shawa ilikuwemo tulipoingia, na kodi ilipandishwa kwa sababu yake, keretaka alituonyesha bafu kwa fahari, "Maji moto masaa yote!" Anayeuza maji moto auze na usalama wake. Kama hawezi, aiondoe shawa, atuachie mfereji wa maji baridi. Wenzetu wa shule za bweni wanaoga maji baridi kila siku, na sijasikia yeyote aliyerushwa nayo.

Najua wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu ana nini cha kuwafundisha wazee wenye ploti. Sina. Lakini sisi wa shule ya kutwa ndio tunaoingia katika bafu hizo saa kumi na moja alfajiri, macho yamejaa usingizi, tukikimbilia masomo ya asubuhi. Wengi wa wanaosoma jarida hili wana kitambaa chao msumarini. Nilipouliza darasani, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko nilivyotarajia, na mwalimu aliyekuwa ameketi nyuma akisahihisha madaftari aliinua wake pia.

Ombi langu kwenu ni dogo. Leo jioni tazameni kwenye kisanduku cha fyuzi kama kuna kifaa chenye kibonye cha T. Waulizeni wazazi waya wa kijani unaishia wapi. Na mfereji ukiwawasha vidole, zimeni swichi ya shawa, mwambieni mtu mzima siku hiyo hiyo, wala msikubali kuambiwa ni kawaida.

Mwenye nyumba wetu alikuja wiki iliyopita, akakaa sebuleni, akanywa chai. Mdogo wangu alimwonyesha kiganja. Mzee alikitazama kwa muda mrefu, kisha akamwomba baba namba ya yule fundi. Hatujui kama amempigia. Kwa sasa swichi ya shawa imezimwa na kufungwa kwa utepe mweusi, na kile kitambaa mama amekichoma. Tunachemsha maji kwa sufuria, na mimi naamka saa kumi na nusu.